Kubandua rangi ya lori kuukuu: maneno ya gereji na ukweli wake

"Lipeleke likapigwe mchanga, jioni linarudi chuma kitupu." Mwenye lori la Bedford la miaka ya 60 hawezi kukosa kuambiwa hivi, yaani rangi itolewe kwa mchanga unaorushwa na mashine ya upepo, na kwa chesisi na rimu ushauri huo hauna ubaya. Bonneti na milango ni habari nyingine, maana bati lake ni la kama milimita 1 tu. Wengi hudhani joto ndilo linalolipinda. Kumbe kila punje hugonga kama kinyundo: uso unaopigwa hutanuka, wa nyuma hubaki ulivyo, bati linabinuka. Ukilibonyeza kwa kidole linabonyea na kurudi kwa kishindo kama mfuniko wa debe, na puti, ile ya kujazia mabonde, hailinyooshi. Tena mchanga wenyewe una silika, ambayo vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu usiopona.

Wanaokimbia mchanga hushika grenda. Hapo ndipo joto lenyewe linapopinda bati, mbali na mikwaruzo.

Kuna na wale wa kostiki, ile ya kutengenezea sabuni. Inabandua kweli, lakini si kila bodi ni chuma. Land Rover tangu 1948 zilitoka na bodi ya aloi ya alumini kwa sehemu kubwa, kwa kuwa chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita. Kostiki huila alumini huku ikitoa mapovu ya haidrojeni, gesi inayoshika moto upesi. Chukua sumaku ya spika mbovu, ipitishe kwenye paneli. Isiponasa, kostiki irudi stoo.

Mimi hutumia dawa ya dukani ya kutolea rangi, nje penye hewa, na glavu nzito na miwani. Watu huipaka nyembamba kama vanishi, ikakauka, wakailaumu. Ipake nene, funika kwa nailoni, ngoja rangi ikunjamane, kisha kwangua kwa kikwanguo butu. Maungio ya bati yaachie msasa wa mkono, kwani dawa ikijificha humo itakuja kuivimbisha rangi mpya.

"Vumbi la rangi ni vumbi tu." Hapana. Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, na watoto wakae mbali.

Na bati tupu haliwezi kungoja wiki nzima. Kwa hewa ya Tanga au Mombasa, kiganja ulichoegemeza jioni utakikuta asubuhi kimechorwa kwa kutu, vidole vyote vitano. Praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, ipakwe siku hiyohiyo. Praima ya kijivu ya kawaida hupitisha unyevu.

Ila kabla ya yote hayo, chora vimiraba kwa wembe juu ya rangi kuukuu, bandika selotepu, ivute kwa nguvu. Ikitoka bila rangi, huna haja ya kubandua: piga msasa, paka juu yake.