Jina lako nani? Roki nzito kwenye chumba cha ushauri

Alipoketi hakuvua spika za masikioni, nami nilimwacha. Kijana wa miaka 19, aliletwa na mama yake kwa sababu ya hasira: anabamiza milango, hataki kula na wenzake, usiku hapati usingizi. Kwa wiki tatu alinijibu "niko sawa, anti" kwa kila nilichomuuliza. Wiki ya nne nikamwambia: basi leo nisikilizishe unachosikiliza. Alinitazama kwanza kuona kama nina mzaha, kisha akachomoa waya na kuiweka simu mezani. Chumba changu kidogo hapa Mombasa kikajaa magitaa yanayokwaruza, ngoma zinazokimbia kama mvua kubwa juu ya mabati, na mtu anayenguruma kutoka tumboni.

Sikuitazama simu, nilimtazama yeye. Mabega yaliyokuwa yamepanda hadi masikioni wiki zote tatu yalishuka. Wimbo ulipoisha akashusha pumzi, akasema: "Huyu anasema yaliyo ndani yangu. Mimi maneno sina."

(Ameniruhusu nimwandike, na nimebadilisha yale yanayoweza kumtambulisha.)

Mimi ni mwanasaikolojia mshauri, na katika masomo yangu utulivu ndio uliotangulia: pumua polepole, sikiliza mawimbi, weka muziki laini. Vinafaa sana kwa mtu mwenye wasiwasi. Lakini mtu anayechemka ukimwekea muziki laini, anachosikia ni "nyamaza". Ni kama kuingia kwenye matanga na nyimbo za harusi. Wataalamu wa tiba ya muziki wana kanuni ya tangu miaka ya 1940, iliyoelezwa na daktari wa akili Ira Altshuler huko Marekani: anza na muziki unaolingana na hali aliyo nayo mgonjwa, kisha umsogeze taratibu. Kwanza umkute alipo.

Sisi watu wa pwani hili si geni. Nilipokuwa mdogo, mtaa wa pili kutoka kwa bibi yangu palikuwa na mganga aliyekuwa akipunga pepo, na usiku wa ngoma hakuna aliyelala. Hakuna aliyemwambia mgonjwa atulie. Ngoma ilipigwa kwa nguvu, saa baada ya saa, mpaka kile kilichomo kikapanda kichwani. Hapo mganga hakukifukuza. Alikiuliza: jina lako nani? Umetoka wapi? Unataka nini? Habari ya majini kila mtu abaki na imani yake, sitaki kuibishania. Ninachokitazama mimi ni ule mpangilio: kishindo kwanza, ili kilichojificha kitokeze, halafu maswali. Kishindo bila maswali ni kelele tu, na maswali bila kishindo ndiyo yaliyonipa "niko sawa, anti" wiki tatu mfululizo.

Mwaka 2015, Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachukua wapenzi 39 wa metali, yaani roki nzito kama ile ya kijana wangu, na aina nyingine za muziki mkali, wa umri wa miaka 18 hadi 34. Waliwakasirisha makusudi kwa dakika 16, kwa kuwazungumzisha mambo yanayowaudhi maishani mwao. Kisha nusu wakasikiliza muziki wao kwa dakika 10, nusu wakakaa kimya. Waliokaa kimya mapigo ya moyo yalishuka. Waliosikiliza muziki mapigo yalibaki juu bila kuzidi, lakini hasira na msongo vilipungua kama kwa wale wenzao, tena wakajisikia wamepata ari. Hilo la mapigo kubaki juu nalipenda. Muziki haukuwalaza, ulikwenda na hasira yao sambamba mpaka ikapungua. Ni utafiti mdogo, na wote walikuwa tayari wanaupenda muziki huo. Kwa hiyo usimwekee metali baba mkwe mwenye shinikizo la damu ukasema mshauri kaagiza.

Tena sauti yenyewe ya metali ina jeraha ndani yake. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na miaka 17 mashine ya kiwandani ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobania nyuzi, maana yeye hupiga gitaa kwa kushoto. Alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akatafuta nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Albamu ya kwanza ya bendi yake, Black Sabbath, ilitoka mwaka 1970, na wapiga gitaa wa duniani kote bado wanalegeza nyuzi.

Kazini nafanya hivi. Namwomba mteja achague nyimbo tano, za kwanza ziwe nzito kama alivyo yeye, ya mwisho iwe ile anayoweza kulalia. Kabla ya kusikiliza anaandika hasira yake ni ngapi kati ya 10, na baada ya kusikiliza anaandika tena. Miguu sakafuni, macho wazi. Halafu maswali ya mganga, kwa lugha yangu: iko wapi mwilini? Ilianza lini? Inataka nini?

Daftari hilo ndilo linalonionyesha muziki unamfanyia nini. Namba ikishuka, au ikibaki pale pale lakini maneno yakaja, tunaendelea. Ikipanda kila mara, wimbo mmoja ukirudiwa usiku kucha na mtu akazidi kujifungia, hapo muziki umeacha kubeba na umeanza kuchimba, nasi tunausimamisha. Akija na mawazo ya kutotaka kuishi, siku hiyo hiyo tunatafuta daktari na mtu wa kukaa naye. Hapo hatusubiri nyimbo.

Yule kijana jina la hasira yake lilipatikana wiki ya saba. Baba yake alifariki akiwa yeye shule ya bweni, kwenye mtihani. Maiti ikazikwa siku hiyo hiyo, na watu wazima wakaamua asiambiwe mpaka amalize karatasi ya mwisho. Alifika nyumbani akakuta hata mkeka wa matanga umekunjwa.

Mama alikuja amejaa hofu kwamba muziki ule ni wa shetani. Sikumlaumu, hofu hiyo ni ya wazazi wengi. Mwaka 1990 kesi dhidi ya Judas Priest, bendi ya metali, ilisikilizwa huko Reno, Marekani, kwa madai kwamba wimbo wake uliwasukuma vijana wawili kujidhuru, na jaji aliitupa kesi. Mama hakuhitaji habari za Reno. Nilimwomba tu asikilize. Kijana akampa upande mmoja wa spika za masikioni, yeye akabaki na mwingine, waya umewaunganisha. Alikunja uso, akafumba macho, dakika nzima ikapita.

"Huyu mbona analia hivi?" akauliza. "Kafiwa na nani?"

Kijana akamwambia. Nikasogeza kiti changu nyuma, wakaanza kuzungumza habari za siku ile.