Acha Mbwa Ashinde: Dhana Potofu Kuhusu Mchezo wa Kuvutana

Wenye mbwa huniuliza kila mara kama ni salama kuvutana na mbwa, yaani yeye akamate kichezeo kwa mdomo na wewe uvute upande wa pili. Wengi huja wakiwa na jibu lao tayari: "Nimeambiwa nisivutane naye, atakuwa mkali. Na nikivutana naye nisikubali kushindwa, atanipanda kichwani." Mtu huyohuyo ukimuuliza anatumia nini, atakwambia kamba ya katani. Ukimuuliza anavuta vipi, atakuonyesha kwa mkono jinsi anavyomnyanyua mbwa mpaka miguu ya mbele inaning'inia. Hofu imewekwa pasipo na hatari, na hatari yenyewe haina mlinzi.

Dhana: Mbwa akishinda, atajiona bwana wa nyumba

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa hiyo tuanze nayo.

Mzizi wake ni mbwa mwitu wa nchi za baridi (si hawa wetu wenye mabaka), tena waliofungiwa. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alichapisha uchunguzi wake wa mbwa mwitu waliokuwa wamewekwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, wasiweze kuhama wanapogombana. Hapo ndipo ilipokuzwa picha ya kiongozi anayelinda cheo chake kwa ubabe. Mmarekani David Mech aliieneza picha hiyo mwaka 1970, na mwaka 1999 akaandika kinyume chake: porini kundi la kawaida ni familia, yaani baba, mama na watoto wao, na wazazi huongoza kwa kuwa ni wazazi. Mwenye hoja ameshaiacha. Walimu wa mbwa wa mtaani bado wameishikilia.

Na mchezo wenyewe umeshapimwa. Mwaka 2002 Nicola Rooney na John Bradshaw wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walichapisha jaribio la mbwa 14 aina ya Golden Retriever. Kila mmoja alivutana na mtu mara 40: mara 20 aliachwa ashinde, mara 20 akashindwa. Baadaye hawakuona dalili yoyote kwamba kushinda kulimfanya mbwa ajaribu kumtawala mtu. Walichokiona ni kwamba baada ya kucheza mbwa walikuwa wasikivu zaidi, na wale wapenda michezo, wakishinda, walizidi kumwomba mtu waendelee. Kweli, Golden Retriever ni mbwa mpole na 14 si wengi. Lakini anayedai kinyume chake hana hata mbwa mmoja aliyepimwa.

Ukitaka kuona mwenyewe, mwachie mbwa wako kichezeo katikati ya mvutano, kisha simama kimya. Wengi watazunguka mara moja kwa mbwembwe, halafu watarudi kukusukumia kile kitu mguuni. Anachotaka ni wewe upande wa pili wa kichezeo. Kichezeo peke yake hakimsaidii kitu. Mbwa anayeshindwa kila siku huchoka na kuacha kucheza, na hapo unakuwa umepoteza zawadi isiyokugharimu hata kipande cha nyama. Kwa mbwa mwoga, mwache ashinde mara nne kati ya tano. Kwa mbwa mwenye ari, nusu kwa nusu yatosha.

Akikimbia nacho asirudi, usimfukuze, maana kufukuzwa ni mchezo mtamu zaidi. Funga kamba nyepesi ya mita tatu kwenye kichezeo, au chukua kichezeo cha pili ukichezeshe peke yako. Atakuja.

Linaloleta nidhamu ni neno "achia", nalo hufundishwa hivi. Vuta kidogo, sekunde tano hadi kumi. Kisha acha kuvuta kabisa: lete mkono wako pajani, kibane kichezeo hapo kisisogee hata kidogo, nyamaza. Mbwa atavuta peke yake, ataona kitu kimekufa, atalegeza taya. Siku ya kwanza huenda ikachukua dakika nzima. Papo hapo anapoachia, sema "chukua!" na umrudishie. Rudia. Anapokuwa anaachia ndani ya sekunde mbili au tatu, ndipo uanze kusema "achia" mara moja tu, kabla ya kukibana kichezeo pajani.

Makosa ni matatu, nayo hujirudia kila nyumba. La kwanza, kuimba "achia, achia, achia" huku mkono unavuta. Unachomfundisha ni kwamba neno hilo maana yake kaza. La pili, kumpanua taya kwa vidole: atakaza zaidi, na ipo siku atakosea akakamata kidole. La tatu ndilo baya zaidi: akiachia, unakiweka kichezeo kabatini. Umemwadhibu kwa utii. Kwa kila mara moja ya kumaliza mchezo, mrudishie angalau mara tano.

Meno yakigusa ngozi, hata kwa bahati mbaya, mchezo unasimama. Hakuna kofi, hakuna kelele. Geuka, nyamaza nusu dakika, kisha endelea. Mbwa hujifunza haraka kuulenga mdomo vizuri kama kukosea kunamgharimu mchezo.

Dhana: Akinguruma, amekasirika

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, walichapisha mwaka 2010 jaribio ambamo waliwasikilizisha mbwa sauti zilizorekodiwa, pembeni ya mfupa. Mngurumo wa mbwa anayelinda mfupa uliwarudisha nyuma wengine. Ule wa mchezo wa kuvutana haukuwa na nguvu hiyo. Mbwa wenyewe hawachanganyi, ila sisi.

Usisikilize sauti peke yake, tazama mwili. Mwili uliolegea, nyonga zinazotikisika, macho ya kawaida: cheza. Mwili ulioganda, weupe wa macho unaonekana pembeni, kichwa kimeinamishwa juu ya kichezeo na kelele zimekatika ghafla: acha mkono, ondoka. Ukimya wa ghafla nauogopa kuliko mngurumo wowote.

Dhana: Kamba ni kamba

Si kweli. Katani hukwaruza fizi na kumwaga nyuzi. Uzi mrefu ukimezwa, ncha moja hunasa, kwa mfano tumboni, na utumbo hujikunja juu yake kama kiuno cha suruali kilichokazwa kamba, kisha uzi unaukata taratibu. Kutapika, kukataa chakula, kukosa choo: hiyo ni safari ya daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na mara nyingi ni upasuaji. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, usiuvute. Mfuko wa sandarusi una hatari ileile, maana huchanika vipande virefu.

Tumia gunia la juti, lile la kahawa. Kata kipande cha sentimita 30 kwa 50, likunje kwa kuviringisha liwe mche wa urefu wa sentimita 30 na unene wa sentimita nne au tano, shona mistari mitatu kwa uzi imara. Unene una maana: mbwa ashike kwa mdomo mzima mpaka magego, si kwa meno madogo ya mbele. Upande wako weka mshikio wa kitenge kilichosukwa, na kati ya mshikio na gunia funga kipande kifupi cha tyubu ya baiskeli, ule mpira wa kufungia mizigo. Unanyonya mshtuko, shingo ya mbwa na bega lako vyote vinapumzika. Jumla iwe kama sentimita 80, mikono ikae mbali na meno. Mchezo ukiisha kichezeo kinawekwa juu, hakiachwi kibarazani atafunwe. Na likianza kufumuka, tupa. Gunia halina bei ya kukufanya ubishane na utumbo.

Dhana: Mtoto wa mbwa ataharibika meno, bora umsubirie akue

Nusu kweli. Meno 28 ya utoto huanza kung'oka kati ya miezi mitatu na minne, na 42 ya ukubwani kwa kawaida hukamilika kufikia miezi saba. Kipindi hicho fizi zinauma. Shika kichezeo laini, mwache yeye avute, wewe uwe kama mti. Tone dogo la damu kwenye kitambaa ni kawaida kwake. Kwa mbwa mkubwa, chungulia chonge kama halijavunjika.

Kwa umri wowote, vuta usawa wa mgongo wake, taratibu, kushoto na kulia. Usivute kwenda juu, usistue, na usimning'inize kwenye tairi au tawi ati "apate taya". Pingili za shingo hazikuumbwa kubeba mwili mzima.

Dhana: Mbwa wa ulinzi hachezewi, atalegea

Mbwa wa polisi duniani kote hufundishwa kwa gunia na mpira, na wengi wa mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini hufanya kazi wakingojea dakika chache za kucheza na mshika kamba wao. Hawajalegea. Anayeshinda kwenye mnyororo mchana kutwa bila mchezo hawi mlinzi bora. Anauma muuza maziwa na mtoto wa jirani bila kuchagua. Kama unamlisha pilipili pia, hilo ni somo jingine.

Na kwamba kuvutana hufundisha kuuma?

Mbwa wa nyumbani huuma hasa kwa hofu, maumivu au kulinda kitu chake. Mchezo wenye kanuni haumpi lolote kati ya hayo. Lakini mbwa ambaye tayari huganda ukikaribia bakuli lake, huyo asianze kuvutana. Atibiwe tabia hiyo kwanza. Wasivutane pia wenye matatizo ya diski za uti wa mgongo au shingo, waliofanyiwa upasuaji karibuni, na wenye meno mabovu. Mtoto mdogo asicheze peke yake na mbwa, na mbwa anayeshika sketi au suruali ya mtu yeyote amefunga mchezo wa siku hiyo.

Dakika tatu hadi tano zatosha, mara mbili kwa siku. Kwenye joto la Dar au Mombasa, cheza alfajiri au baada ya magharibi, na mbwa wa pua fupi mpe nusu ya muda huo. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Jino likichana ngozi yako, hata kwa mchezo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali wakuangalie.