Pazia zito halizuii joto kama tunavyodhani

Dar es Salaam wengi tunaamini dirisha kubwa la kioo halina neno, mradi ndani kuna pazia zito. Kivuli utakipata, kweli. Lakini jua likishapenya kioo, pazia lenyewe hupata moto na kuutoa humo humo chumbani (jeupe lina nafuu, hurudisha nje sehemu ya mwanga). Kiyoyozi kinahangaika, uniti za LUKU zinayeyuka.

Jua huzuiwa nje: kwa mti, kibaraza, au vile vibao vya mbao vya madirisha ya Mji Mkongwe, Zanzibar, vinavyopitisha upepo. Magharibi ndiko kubaya zaidi, maana jua la alasiri huingia limeinama, chini ya paa. Na lile dirisha la aluminiamu la kusukuma pembeni? Hufunguka nusu tu, na upepo nao huingia nusu.