Talwegi si katikati ya mto

Wiki iliyopita nililisikia tena, mara hii katika mjadala wa redioni kuhusu mpaka wa Tanzania na Malawi kwenye Ziwa Nyasa. Mchangiaji mmoja, mtu aliyesoma na mwenye hoja za kueleweka, alisema kanuni ya talwegi inataka mpaka upite katikati ya ziwa. Hakuna aliyemsahihisha. Mtangazaji akalirudia neno, kisha msikilizaji aliyepiga simu akalihamishia mtoni: hata kwenye mito mpaka ni katikati, alisema, ndiyo talwegi yenyewe. Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara linaniuma, kwa sababu tofauti inayofutwa hapo ni tofauti ambayo watu wamewahi kuifia.

Maana yake ni fupi. Talwegi ni mstari unaofuata maji ya kina kirefu zaidi katika mkondo wa mto, palepale vyombo vinapopita bila kukwama. Nchi mbili zikitenganishwa na mto unaopitika kwa vyombo, kwa kawaida mpaka wao hufuata mstari huo. Tuseme mto una upana wa mita 900, na maji ya kina yako mita 50 tu kutoka ukingo mmoja: mpaka unapita hapo kwenye mita 50. Mto usiopitika ndio kwa kawaida hugawanywa kwa mstari wa kati, yaani ule wenye umbali sawa kutoka kingo zote mbili. Ni vitu viwili.

Neno lenyewe ni la Kijerumani: Tal ni bonde, Weg ni njia. Wengi wanaolieleza huishia hapo, wakasema ni "njia ya bonde", na upotoshaji unaanzia papo hapo, maana msomaji anawaza bonde lenye vilima pande mbili na mstari katikati yake. Wenye vyombo wa mto Rhine hawakuwa na picha hiyo. Kwao chombo kinachoteremka na mkondo kinakwenda bondeni, na kinachopanda kinakwenda mlimani. Kijerumani cha mtoni kinasema hivyo hadi leo. Talwegi basi ni njia ya kuteremkia. Chombo cha kupanda, enzi za kabla ya injini, kilivutwa kwa kamba na farasi au watu waliotembea ukingoni, kwa hiyo kilibaki karibu na nchi kavu penye maji mapole. Cha kuteremka kilitafuta maji mengi yenye nguvu popote yalipokuwa, hapa yakiegemea ukingo wa kulia, baada ya kona yakihamia wa kushoto. Hata Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ilipolazimika kulieleza neno hili mwaka 1999, ilitaja miongoni mwa maana zake mstari wanaoufuata wenye vyombo wanaoteremka mto.

Kwa watu wa pwani jambo hili si geni. Rubani, kabla hajapanda ndege, alikuwa mtu wa baharini, na bandarini bado yupo. Kazi yake ni kujua maji yalipo. Mwulize njia ya kuingilia, hatakuonyesha katikati ya mlango. Atakuonyesha penye kina, hata kama pameegemea mwamba, kwa kuwa katikati huenda pana fungu la mchanga na chombo kitapwelewa.

Mwaka 1801 Mkataba wa Lunéville uliifanya talwegi ya Rhine kuwa mpaka wa Ufaransa na Dola ya Wajerumani. Kanuni hii inatafuta haki. Mstari wa kati unagawa maji sawasawa kwa macho, lakini ikiwa njia yote ya vyombo imeangukia upande mmoja, jirani wa pili anabaki na nusu ya mto asiyoweza kuitumia. Talwegi inagawa njia yenyewe.

Mahali ambapo jambo hili linaonekana waziwazi ni Urusi na China. Mkataba wa Peking wa mwaka 1860 uliweka mpaka wao wa mashariki kwenye mito Amur na Ussuri: ardhi ya mashariki mwa Ussuri ikawa ya Urusi, ya magharibi ikawa ya China. Ni wapi hasa ndani ya mto, mkataba haukusema. Kulikuwa na ramani ya kipimo kidogo yenye mstari mwekundu, na baadaye Wasovieti wakashikilia kwamba mstari ule unapita kwenye ukingo wa Kichina, hivyo mto mzima na visiwa vyake ni mali yao. China ikajibu kwamba mto unaopitika hugawanywa kwa njia ya vyombo.

Kisiwa cha Zhenbao, ambacho Warusi wanakiita Damansky, hakifiki kilomita moja ya mraba. Kiko upande wa China wa njia ya vyombo. Majira ya baridi Ussuri huganda, na walinzi wa pande zote walikuwa wakikutana juu ya barafu wakisukumana na kupigana marungu. Tarehe 2 Machi 1969 zikalia bunduki. Walinzi 31 wa mpaka wa Kisovieti waliuawa siku hiyo, na tarehe 15 wakapigana tena, sasa kwa vifaru na mizinga. Dola mbili zenye silaha za nyuklia ziliendelea kutunishiana misuli hadi Septemba, Kosygin, waziri mkuu wa Wasovieti, alipotua Beijing na kuzungumza na mwenzake wa China, Zhou Enlai, palepale uwanja wa ndege.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba katika mazungumzo ya mwaka 1964 Wasovieti walikuwa wamekwisha kubali kimsingi kufuata mkondo mkuu kwa sehemu kubwa ya mito hiyo, kabla mazungumzo hayajavunjika. Kiongozi wa Wasovieti, Gorbachev, alipotamka kule Vladivostok, Julai 1986, kwamba mpaka unaweza kupita kwenye mkondo mkuu, ilikuwa miaka 22 baadaye. Mkataba wa tarehe 16 Mei 1991 ukaliweka wazi: kwenye mito inayopitika, mpaka ni katikati ya mkondo mkuu wa vyombo, kwenye isiyopitika, ni katikati ya mto au ya mkono wake mkuu. Zhenbao ikawa ya China. Kisiwa kikubwa cha Heixiazi, jirani na mji wa Khabarovsk, kilibaki kiporo. Kikaja kugawanywa kwa makubaliano ya mwaka 2004, na China ikakabidhiwa fungu lake mwaka 2008.

Rudi kidogo uyasome tena maneno ya mkataba wa 1991. Neno "katikati" limo, tena mara mbili, na nadhani hapo ndipo wengi wanapoteleza. La kwanza ni katikati ya njia ya vyombo. La pili ni katikati ya maji. Anayeyasoma kama neno moja anaondoka na mpaka usiokuwepo.

Iran na Iraki nao wana simulizi kama hiyo. Mkataba wa mwaka 1937 uliuweka mpaka wa mto Shatt al-Arab kwenye ukingo wa Iran karibu kote, isipokuwa mbele ya mji wa Abadan. Mwaka 1975, huko Algiers, Iraki ilikubali talwegi. Septemba 1980 Saddam Hussein akayafuta makubaliano hayo, na siku chache baadaye vikaanza vita vya miaka minane. Vita vile vilikuwa na sababu nyingine nyingi, lakini mto ulikuwa mojawapo.

Sisi wenyewe tumewahi kuwa kwenye karatasi moja na talwegi. Mkataba wa tarehe 1 Julai 1890 kati ya Waingereza na Wajerumani, ule tunaoujua tangu shuleni kama Mkataba wa Heligoland, ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Uingereza, una pia kifungu cha mto Chobe, kusini mwa Afrika. Nakala ya Kiingereza inasema mpaka ni katikati ya mkondo mkuu. Ya Kijerumani inasema ni talwegi ya mkondo mkuu. Botswana na Namibia walifikishana mahakamani kwa ajili ya kisiwa ambacho mmoja anakiita Sedudu na mwingine Kasikili, mto ukiwa umekizunguka kwa mikono miwili. Majaji walipima kina, upana na wingi wa maji ya kila mkono. Tarehe 13 Desemba 1999, kwa kura 11 dhidi ya 4, wakaamua kwamba mkono mkuu ni wa kaskazini, na kisiwa kikawa cha Botswana, iliyo upande wa kusini.

Mkataba huohuo, ulipofika Ziwa Nyasa, uliupeleka mpaka ufukweni. Malawi imesimama hapo. Tanzania inadai mstari wa kati. Pande zote mbili zina hoja za kisheria, na mjadala wao haujaisha, ila hakuna talwegi inayobishaniwa mle, maana ziwa si mto na hakuna mkondo wa kuteremkia.

Kwa hiyo ndugu yetu wa redioni alikuwa na hoja. Alikosea jina tu. Alichokuwa akikidai kinaitwa mstari wa kati, na akisema hivyo hoja yake haipungui uzito hata kidogo. Talwegi aiache mtoni, na kama neno la Kijerumani linamkwaza ulimini, aseme njia ya vyombo.