Faida laki nne na nusu, droo ina elfu arobaini: dhana potofu kuhusu hesabu za duka

"Pesa iliyobaki kwenye droo ndiyo faida"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na inamuumiza mwenye duka pande mbili: droo ikijaa anajiona tajiri, ikikauka anadhani kijana wa dukani kamwibia. Tuchukue duka la rejareja la mtaani Dar es Salaam, la unga, mchele, sabuni na soda, tufunge hesabu zake za mwezi mmoja.

Mwezi ulianza na bidhaa za shilingi 2,400,000 kwa bei ya kununulia. Zikanunuliwa nyingine za 5,100,000, nauli ya kirikuu (kigari cha mizigo) ikiwa humo humo, kwa sababu gharama ya kuufikisha mzigo dukani ni sehemu ya bei ya mzigo. Jioni ya siku ya mwisho rafu na stoo zikahesabiwa: zimebaki za 2,900,000. Basi bidhaa zilizouzwa ziligharimu 2,400,000 + 5,100,000 − 2,900,000, yaani 4,600,000. Mauzo yalikuwa 5,500,000, faida ghafi ikawa 900,000. Toa pango 150,000, mshahara wa kijana 180,000, umeme 45,000, makato ya miamala ya simu 25,000, riba ya mkopo 30,000 na uchakavu wa friji 20,000, yaani thamani inayopotea kila mwezi kwa kutumika. Faida halisi: 450,000.

Sasa fungua droo, na uangalie salio la simu ya duka. Mwezi ulianza na 300,000, umeisha na 40,000. Faida ipo, pesa imepungua kwa 260,000, na hakuna aliyeiba. Katika yale mauzo, 380,000 ziko kwa majirani waliokopa. 500,000 zimekaa rafuni, maana stoku imeongezeka. 100,000 zimepunguza deni la mkopo, mbali na riba. 150,000 zimekwenda nyumbani. Hizo zote ni 1,130,000. Upande wa pili, mzigo wa 400,000 ulichukuliwa kwa mali kauli, yaani chukua sasa ulipe baadaye, na haujalipwa bado, na zile 20,000 za uchakavu hakuna mtu aliyekabidhiwa. Kwa hiyo 450,000 + 400,000 + 20,000 − 1,130,000 = −260,000. Inatua pale pale.

Ndiyo maana taarifa ya faida na hasara haiwezi kufanya kazi ya taarifa ya mtiririko wa fedha. Moja inajibu kama biashara inalipa, nyingine inajibu kama kesho utaweza kununua mzigo. Duka letu linalipa, lakini kwa 40,000 mkononi na 400,000 za mali kauli zinazodaiwa, wiki ijayo ni ngumu.

"Naandika mauzo kila siku, inatosha"

Mauzo peke yake hayasemi chochote kuhusu faida. Kinachoharibu hesabu nyingi ni stoku ya mwisho wa mwezi. Ukiikadiria kwa macho ukazidisha 200,000, faida ya mwezi huu inapanda kwa 200,000 za hewa, kisha mwezi ujao inashuka kwa kiasi kile kile na unabaki unatafuta mchawi. Kosa lingine ni kuhesabu stoku kwa bei ya kuuzia. Hapo unajilipa faida ya bidhaa ambazo bado ziko rafuni.

Duka dogo linahitaji daftari la fedha lenye safu za kuingia, kutoka na salio. Daftari la wanaokudai na unaowadai. Na hesabu ya stoku kila mwisho wa mwezi. Jioni, chukua salio la asubuhi, jumlisha pesa taslimu iliyoingia, toa iliyotoka, kisha hesabu droo. Ikipungua 3,000, andika "pungufu 3,000" na usiilazimishe ilingane. Pungufu zikiandikwa kwa wiki tatu huonyesha siku na zamu zinakotokea. Zikifichwa, hazionyeshi kitu.

"Simu inanitunzia kumbukumbu"

Taarifa ya miamala inaonyesha kiasi na saa, haionyeshi kilichouzwa. Na kama namba hiyo hiyo inapokea mauzo, mchango wa harusi na pesa ya ada kutoka kwa shemeji, mauzo yako hayajulikani tena. Tenga Lipa Namba ya duka, yaani namba ya kupokelea malipo ya biashara kwa simu. Mteja akilipa 20,000 na mtandao ukakukata makato, andika mauzo 20,000 na makato kama gharama. Ukiandika kilichobaki tu, mauzo yanapungua na gharama inapotea.

"Mkopo umeingia, mwezi huu tumepata"

Mkopo ni deni. Ukiingia, pesa inaongezeka na deni linaongezeka, faida haiguswi. Ukirejesha 130,000, gharama ni ile riba ya 30,000 tu, na 100,000 inapunguza deni. Friji nayo ni hivyo hivyo: ya 1,200,000 itakayotumika miaka 5 haiwi gharama ya mwezi ulioinunua. Inagawanywa kwa miezi 60, ndipo zikapatikana zile 20,000.

"Duka langu, pesa yangu"

Ni yako, hakuna anayekukatalia. Ila pesa au sabuni unayopeleka nyumbani si gharama ya duka; ni sehemu ya mtaji unayoitoa. Iandike kwenye safu yake, bidhaa kwa bei ya kununulia. Isipoandikwa, stoku itapungua bila mauzo na faida ghafi itashuka bila sababu, kisha lawama zinamwangukia kijana.

"Nimeongeza asilimia 20, basi faida ni asilimia 20 ya mauzo"

Kitu cha 10,000 ukikiuza 12,000, faida ni asilimia 20 ya bei ya kununulia lakini asilimia 16.7 ya mauzo. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 10, unampa 1,200 kati ya 2,000 zako. Unabaki na 800 kabla ya pango.

"Hesabu ni za TRA, usipoandika unalipa kidogo"

TRA ni Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kwa mfanyabiashara binafsi mdogo anayelipa kodi ya makadirio Tanzania Bara, inayopangwa kwa madaraja ya mauzo ya mwaka, madaraja ya chini ya mauzo yanamtoza asiye na kumbukumbu kiasi kimoja kisichobadilika, wakati aliyetunza kumbukumbu anakokotolewa kwa mauzo yake halisi ndani ya daraja. Aliye mwanzoni mwa daraja ndiye anayeumia zaidi kwa kukosa daftari. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na hapa kuna mtego: risiti za mashine huchapishwa kwenye karatasi inayofifia, hasa ikikaa kwenye joto. Zipige picha au zitoe kopi wiki hiyo hiyo.

"Mizania imelingana, basi hesabu ni sahihi"

Mizania ni orodha ya mali upande mmoja, madeni na mtaji upande wa pili. Ya duka letu inalingana: pesa 40,000, wadaiwa 380,000, stoku 2,900,000 na friji 1,180,000 ni mali za 4,500,000, upande wa pili mali kauli 400,000, mkopo 900,000 na mtaji 3,200,000. Lakini ingelingana pia kama mzigo wa mali kauli ungesahauliwa, bidhaa na deni lake kwa pamoja, au kama matumizi ya nyumbani yangeandikwa kama pango.

Zisipolingana, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, shuku kwanza tarakimu zilizopinduliwa: 54,000 iliyoandikwa 45,000 inaacha tofauti ya 9,000. Vinginevyo igawanye kwa 2 utafute kiasi hicho. Huenda kimeandikwa kwenye safu ya kuingia badala ya kutoka.