Kondakta wa okestra hapungi mikono tu

Kuna ile meseji inayorudi kila mara kwenye magrupu, eti kondakta wa okestra ni mtu wa kupunga kijiti tu, hajasomea chochote, wanamuziki wangepiga vilevile bila yeye. Hapana jamani. Chukua Galicia, kaskazini magharibi mwa Hispania, makondakta wengi huko wanaanza wakiwa watoto kwenye bendi ya mji wao, wanapewa klarineti au tarumbeta, halafu konsevatori, yaani shule ya muziki, ambayo kwa mfumo wa Hispania ni miaka 4 ya msingi, 6 ya kati na 4 ya juu (hiyo ya juu inasomwa kwenye miji ya A Coruña na Vigo), yaani ukizipitia zote ni 14, na kuaminiwa na okestra bado.

Kinachochanganya watu ni kwamba siku ya shoo kazi kubwa imeshaisha mazoezini, na tena mkono wake unatangulia sauti kidogo, ukiangalia unaona kama hawaendani. Kuhakikisha ni rahisi, tafuta video ya mazoezi, siyo ya shoo, uone anavyowasimamisha, tarumbeta zipunguze, fidla ziingie mapema, maana mbele yake ana nota za ala zote. Ukitumiwa tena ile meseji usiifowadi, mtumie aliyekuletea hiyo video.