Mwenendo si maadili

Jumamosi iliyopita Kijitonyama, kwenye kikao cha mradi wetu wa programu huria (programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha), mdogo wetu mmoja alinyoosha mkono: "Wakuu, tukipitisha hizi kanuni za maadili, ndiyo tusije tena na pensi?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo, au ndugu yake, nimelisikia mara nne mwaka huu.

Kwa kifupi, kanuni hizo ni andiko linalosema wachangiaji wa mradi (wa msimbo, si wa harusi) watatendeana vipi, tabia zipi hazivumiliki, malalamiko yapelekwe kwa nani na aliyekosa afanywe nini. Si leseni. Leseni inahusu programu itumikeje.

Kinachoniudhi ni hilo neno maadili. Asili yake Kiarabu, nalo ni la ukoo mmoja na adili na uadilifu: linamgusa mtu mwenyewe, ndani. Huku kwetu tumelizoea kwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995, na kabla yake kulikuwa na miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha, 1967, iliyomkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Huko anapimwa mtu: ana nini, ni wa namna gani. Ndiyo maana ukitamka maadili, kijana anatazama magoti yake.

Mwenendo umetoka kwenye kwenda, kuenenda. Muulize yeyote aliyewahi kusota mahakama ya Kisutu akifuatilia nakala ya mwenendo wa kesi. Mle hamna moyo wa mtu. Mna nani kasema nini, tarehe ngapi. Nasi tunataka hicho tu. Wewe uko Mbagala, mwenzako yuko Brazili, hamjawahi kuonana. Kinachoonekana ni ulivyomjibu msimbo wake ulipokuwa mbovu.

Mradi wa Linux, ule mfumo endeshi huria wa kompyuta, ulilijua hili kwa kuchelewa. Mwaka 2015 walikuwa na andiko fupi walilolipa jina la kanuni za mgongano (Code of Conflict, kwa kuchezea Code of Conduct, kanuni za mwenendo), utani wenye ukweli ndani yake. Septemba 2018 wakalibadilisha kwa lililotokana na Contributor Covenant, kiolezo cha kanuni za mwenendo alichokianzisha Coraline Ada Ehmke mwaka 2014. Mwezi huohuo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi na kupumzika kwa muda. Aliombea radhi barua pepe zake za kushambulia watu, zilizosomwa na kila mtu. Maadili yake yeye anayajua na Mungu wake.

Kwa hiyo mdogo wangu, pensi yako njoo nayo. Ila lile faili la kanuni mlilonakili, lifungue, shuka hadi kwenye sehemu ya malalamiko. Bado pana mabano ya mraba yanayosema weka anwani hapa. Wekeni watu wawili watakaopokea hayo malalamiko, halafu pale juu mfute "maadili" muandike "mwenendo".